Boriti za Nyumba ya Mama Mkwe

Rula lilikuwa jina la utani, lakini seremala huyu alilizoea hata mkewe akawa anamwita hivyo mbele ya wageni. Alilipata kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Akialikwa chakula mahali, kabla ya kunawa mikono alikuwa ameshainama kutazama kwa nini meza inayumba, na kabla ya kuaga alikuwa ameshakunja kipande cha kadibodi na kukisokomeza chini ya mguu wa meza hiyo. Mkewe alikuwa akisema kwamba kuolewa na Rula ni kama kulala na pima maji: ukigeuka kidogo tu, linakwambia.

Mtu wa namna hiyo hakufaa kupewa nyumba ya mama mkwe wake aitengeneze. Lakini ndivyo ilivyotokea.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani sana, ya ghorofa moja, kuta zake nene kiasi kwamba mtu mzima angeweza kukunja miguu akakaa dirishani na bado akabaki na nafasi ya kuweka kikombe. Kando ya mlango wa mbele kulikuwa na kibao cha chuma kinachosema kwamba jengo hili linalindwa na sheria, na kwamba ni marufuku kubomoa wala kubadilisha chochote bila kibali. Kilichowafanya watu wa serikali kuja kupigilia kibao kile ni dari ya sebuleni. Ilibebwa na boriti nene zilizochongwa kwa tezo, na chini ya kila boriti fundi wa kwanza, ambaye hakuna aliyemjua tena, alikuwa amechonga mnyororo wa maua na majani kutoka ukuta hadi ukuta. Hapakuwa na jani lililofanana na jingine. Marehemu baba mkwe alikuwa hamalizi salamu kabla hajamwambia mgeni, “Hebu inua kichwa utazame.”

Baada ya yeye kufariki, maji ya mvua, ambayo zamani yalikuwa yakidondokea ndoo tu, yalipata njia kwenye ukuta wa nyuma, yakashuka kimyakimya, na ncha za boriti zilizozama ukutani zikaanza kuoza. Kilichosazwa na maji kikamaliziwa na wadudu waliokuwemo tangu zamani. Rula alipopanda ngazi mara ya kwanza na kuchoma kwa kisu, kisu kilizama kama kwenye papai. Boriti ya katikati ilikuwa tayari imeinama.

Kaka mkubwa wa mkewe, aliyekuwa akiishi mji wa mbali, akapiga simu.

“Shemeji,” alisema, “fundi tunaye ndani ya familia. Tumtafute nani tena? Ile ni nyumba ya baba. Na Mama hawezi kukaa kwenye nyumba inayomdondokea kichwani.”

Mkwe haombwi mara mbili. Rula akakubali, akijua kabisa kwamba ameingia mahali ambapo hata akiumwa hataruhusiwa kulia.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mkaguzi wa ofisi ya majengo ya kale, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kamba, asiye na maneno mengi. Alimpa masharti akiwa juu ya ngazi, bila kumtazama, huku akipapasa majani yaliyochongwa kama daktari anayetafuta mshipa. Rula akate sehemu iliyooza tu. Iliyo nzima isiguswe hata kama ni mbaya. Kipande kipya kiungwe na cha zamani kwa ulimi wa mti uliochongwa kuingia kwenye mwanya wa mwenzake, kifungwe kwa vigingi vya mti, pasionekane msumari hata mmoja. Na mtu akisimama chini asione kiungo, ila akipanda ngazi akione, asije akadanganywa kwamba chote ni cha zamani.

“Yaani nikifiche na nisikifiche,” Rula alisema.

“Umenielewa vizuri,” mkaguzi alijibu.

Rula akachonga kiungo chake cha kwanza kwa siku nyingi, kikakaa sawasawa hata wembe usingepita. Mkaguzi akaja, akakitazama, akasifia ulimi, kisha akagonga kipande kipya kwa kifundo cha kidole.

“Mti huu haujakauka. Leo umekaa. Kiangazi kikija utajikunja, na utaipasua ya zamani pamoja nao. Utoe.”

Rula alibisha. Alisema ameshughulika na mbao tangu hajaota ndevu. Mkaguzi hakubishana naye. Alimwambia achukue kipande kilichobaki akakilaze juu ya paa la bati la karakana yake, kisha wazungumze. Haikupita hata wiki mbili, kipande kikawa na ufa wa kutosha kutia sarafu. Rula alikitazama kwa muda mrefu, akakichoma moto kupikia gundi, na asimwambie mtu. Ilimchukua mwezi mzima kuzunguka kwa wabomoaji wa majengo mpaka akapata mbao za mti uleule, kavu kama mfupa, kutoka kwenye kinu cha nafaka kilichokuwa kinavunjwa.

Hayo aliyavumilia. Mkaguzi alikuwa msumbufu, lakini alikuwa sahihi, na kwa Rula mtu aliye sahihi anasameheka. Kilichomkata maini kilikuwa kitu kingine.

Kilikuwa mama mkwe mwenyewe.

Ilianza kidogokidogo. Rula alikuwa ameegemeza boriti kwa mirunda, yaani magogo ya kusimamisha kwa muda, na chini ya kila mrunda amepiga kabari za kuukaza. Asubuhi moja akakuta kabari zimelegea.

“Mama, kuna mtu amezigusa hizi?”

“Nilikuwa nafagia, baba,” mama mkwe akasema kwa upole. “Fagio halina macho.”

Akakaza upya. Siku nyingine akakuta dirisha la nyuma limeachwa wazi usiku wa mvua, na ukuta aliokuwa ameukausha kwa taabu umelowa tena. Mama alisema alihitaji hewa. Siku nyingine turubai alilofunika mbao zake lilikuwa limeanikiwa mahindi uani, na mbao ziko juani zinajipinda. Mama alisema hakujua kwamba mbao nazo zinajifunika.

Je, mtu atamjibu nini mama mkwe? Rula alikuwa mtu wa heshima. Alipokuwa akizungumza naye, alizungumza na miguu yake. Alisema “Hamna neno, Mama,” akarudi kwenye ngazi, akameza mate yaliyokuwa machungu kama shubiri.

Kisha ikaja siku ya rangi. Rula alikuwa ametoka kufuata shehena ya mwisho ya zile mbao za kinu. Aliporudi, akakuta boriti aliyoimaliza, aliyoisugua kwa mswaki mpaka wekundu na weusi wa zamani ukaanza kuchungulia kwenye mashina ya maua, imepakwa rangi ya mafuta, nyeupe, ya kung’aa. Majani yote yalikuwa yamejaa rangi kama midomo iliyojaa maziwa. Mama mkwe alikuwa chini ya ngazi akifuta mikono kwa kitambaa.

“Nimekusaidia,” alisema. “Ilikuwa nyeusi mno. Inatia huzuni.”

Rula alitoka uani, akafungua bomba, akatia kichwa chini yake, akakaa hivyo mpaka jirani akamwuliza kama anajisikia vibaya.

Jioni ile, mezani, hakugusa chakula.

“Mama yako ananifanyia vituko,” akamwambia mkewe.

“Mama ni mzee, Rula.”

“Mzee husahau sufuria jikoni. Mzee hapandi ngazi na kopo la rangi.”

Mkewe akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akamsogezea sahani. “Nitasema naye,” akasema. Na kweli alisema naye, na Mama akamjibu kwamba mume wake ni kijana mzuri ila ana mambo mengi.

Rula alikwangua rangi ile kwa kijiti, jani baada ya jani, kwa wiki nyingi. Shingo yake ikakakamaa, akawa akiitwa nyuma anageuka mwili mzima kama kabati. Shemeji akawa anapiga simu kila Jumapili kuuliza mbona kazi haisogei. “Baba angekuwepo,” alikuwa akisema, “ingekuwa imeshakwisha.” Rula alikuwa akimjibu kwamba inasogea, kisha anakata simu na kubaki ameishika kana kwamba anatafuta mahali pa kuitupa.

Hatimaye akafika kwenye boriti ya katikati, ile iliyoinama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nyingine zote zilikuwa mazoezi. Alikata ncha yake iliyooza, ikawa haishiki tena ukuta, imebebwa na mirunda peke yake. Alimhamishia mama mkwe kitanda chake kwenye chumba cha ng’ambo ya ua. Akamwomba, na safari hii alimtazama usoni, asiingie sebuleni mpaka kipande kipya kiingie mahali pake. Mama akasema amesikia. Mkaguzi naye akaahidi kupita kesho yake asubuhi aone ulimi kabla haujafungwa.

Asubuhi hiyo Rula alifika mapema, akiwa na vigingi vyake vipya mfukoni. Kabla hajafungua mlango wa mbele aliona vumbi jeupe likitoka dirishani, polepole, kama moshi wa jiko linalozimika. Akachungulia.

Boriti ya katikati ilikuwa imelaza ncha moja sakafuni. Ilikuwa imeshuka na mbao za dari na chokaa yake, na juu palikuwa na shimo ambalo kupitia kwalo alikiona kitasa cha mlango wa chumba cha ghorofani. Ilikuwa imepasuka kwa urefu, katikati kabisa ya mnyororo wa maua.

Na mirunda ilikuwa imeegemezwa ukutani, mmoja kando ya mwingine, kama mafagio.

Gogo likianguka lenyewe huanguka ovyo. Rula aliitazama ile mirunda iliyopangwa vizuri. Akazunguka nyumba kwenda uani.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa nyuma, amevaa nguo za kutokea, mkoba mapajani. Pembeni yake kulikuwa na mabegi mawili, yamefungwa vizuri, kamba zimekazwa kwa fundo maradufu.

“Nakungoja wewe,” alisema. “Nimekaa hapa tangu alfajiri ili usipite huku ukaingia ukaangukiwa.”

“Nimekuja kwa mbele, Mama.”

Mama akainamisha macho. Hilo hakuwa amelifikiria.

“Umeitoa wewe,” Rula alisema.

“Nimeitoa mimi.”

Heshima ya miaka yote ilimtoka Rula kama maji ya ndoo iliyotoboka. “Mama, mimi nimekaa juu ya ngazi ile mpaka shingo imekataa kugeuka. Nimekwangua rangi yako kwa kijiti kama mtu anayesafisha masikio ya mtoto. Nimekosana na kazi zangu nyingine zote. Na wewe unakuja gizani unanitolea mirunda. Mimi nimekukosea nini?”

“Hujanikosea.”

“Basi kwa nini?”

Mama aliusogeza mkoba mapajani. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya kuomba radhi. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

“Wewe umekaa juu ya dari ile miezi, mwanangu. Mimi nimekaa chini yake tangu nilipoletwa hapa bi harusi. Kila siku unga wa wadudu kwenye vyombo. Kila mvua ndoo. Usiku nasikia ubao unalia, nalala jicho moja. Wageni wakiingia wanatazama juu, baba yenu anawaeleza, mimi nazunguka chini na fagio na chai, hakuna anayejua kama nina uso. Alipokufa nikasema basi, sasa nitapata chumba kidogo, kifupi, dari yake nyeupe isiyo na kitu. Nikamwambia kaka yao. Akaniambia sheria hairuhusu. Nikitoka, ofisi inaichukua nyumba, na mimi nitakuwa nimewanyang’anya watoto wangu urithi wa baba yao.”

“Alikwambia hivyo?”

“Kwa mdomo wake. Nikawaza, dari ikianguka yenyewe, wataking’oa kile kibao, na mimi nitatoka bila kumdhulumu mtu. Lakini wewe,” na hapa akamtazama kwa hasira ya kweli, “kila ninacholegeza unakikaza. Sijaona mtu mbishi kama wewe.”

Rula akajifuta vumbi usoni. “Ungemwambia binti yako.”

“Angemwambia kaka yake. Wanangu hawana siri, wana simu.”

“Ungeniambia mimi.”

“Wewe? Wewe huzungumza na miguu yangu.”

Rula alikuwa na hasira tele na hakuwa na pa kuiweka. Alivuta ndoo akaigeuza, akaketi juu yake karibu na mama mkwe, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, na wote wawili wakatazama ukuta.

Hapo ndipo mkaguzi alipopiga hodi. Hakusubiri kuitikiwa, alikuwa ameshaona dirisha. Alipita moja kwa moja mpaka sebuleni, wakamsikia akivuta pumzi, kisha akatoka uani amevua miwani.

“Nani amehusika na hili?”

Rula akasimama. Mtu asiyevumilia meza inayoyumba akasikia mdomo wake unasema, “Ni mimi. Sikuzikaza kabari vizuri.”

Mkaguzi akamtazama, akaitazama mikono yake, akatazama mabegi. “Wewe hukukaza kabari,” alirudia, kama mtu anayeonja chakula kisichoiva. “Basi itabidi nisimamishe kazi, na wewe hutagusa tena jengo lolote la kale.”

“Asiguse kwa nini?” mama mkwe akasema kutoka kwenye kigoda. “Nimeitoa mimi. Huyu anasema uongo kwa sababu ya adabu. Nataka mje mng’oe kibao chenu nipate kuhama.”

Ilibidi aeleze yote upya, tangu mwanzo, na mkaguzi alimsikiliza akiwa amesimama. Mwisho akavaa miwani yake.

“Mama, sheria inalinda nyumba. Haimlazimishi mtu kukaa ndani yake. Ungeweza kuhama juzi. Ungeweza kuhama mwaka aliokufa mzee. Nyumba ingebaki yako, na kibao kingebaki ukutani.”

Mama mkwe aliushika mkoba wake kwa mikono miwili.

“Miaka yote hii,” alisema taratibu, kisha hakumaliza.

Mkewe Rula, aliyeitwa kwa simu, alipofika, mbio, kanga begani, alisimuliwa mambo yote na watu watatu kwa wakati mmoja. Hakuuliza maswali. Alitoa simu, akampigia kaka yake mbele yao, sauti ikiwa wazi.

“Nilisema vile ili asihangaike,” kaka mtu alijitetea. “Mzee atoke kwake aende wapi? Watu watasema nini?”

“Ili asihangaike nani, kaka? Yeye au wewe?”

Upande wa pili ukasema mtandao mbaya.

Mama mkwe alihama siku ileile, na mabegi yake mawili, akaenda kukaa kwa binti yake. Rula alimbebea. Njiani hawakusemezana, maana hasira ya Rula ilikuwa haijaisha, na ya Mama nayo ndiyo kwanza imempata anayeistahili, mwanawe mkubwa.

Kazi ikarudi nyuma karibu na mwanzo. Mkaguzi hakuisimamisha, ila aliongeza masharti, na mengine Rula aliyaona ni ya kumkomoa tu. Kuiunga boriti iliyopasuka katikati ya maua kulikuwa kama kushona uso wa mtu. Alifanya vibaya, akafungua. Akafanya tena, akafungua. Kuna siku alirusha patasi ikagonga ukuta, na akatumia mchana mzima kuziba alama yake ukutani, kwa sababu ukuta nao ulikuwa unalindwa. Nyumba ilikuwa tupu, na jambo hilo lilimkera zaidi kuliko alivyotarajia: hakuwa na wa kumlaumu tena. Kabari alizozikaza jana alizikuta leo kama alivyoziacha.

Ilipokwisha, ilikwisha bila shangwe. Mkaguzi alipanda ngazi, akakiona kiungo. Akashuka, akasimama katikati ya sebule, asikione. Akasema, “Ndiyo,” akaondoka. Wiki iliyofuata shemeji alikuja na rafiki zake kutoka mji wa mbali, wakasimama na shingo zao nyuma, yeye akiwaeleza kazi ya baba yake ya kuitunza nyumba. Rula alikuwa mlangoni akikusanya vifaa. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alitaka kusema neno, akaona litakuwa refu, akabeba sanduku lake.

Nyumbani alimkuta mama mkwe sebuleni kwake, kwenye kochi, chini ya dari ya jipsamu aliyoipigilia mwenyewe zamani, akichambua mchele.

“Kazi imekwisha?” Mama aliuliza.

“Imekwisha.”

“Kaa basi.”

Alikaa, na bila kupanga akaanza kumweleza: jinsi ufa ulivyopita kwenye ua la saba, jinsi gundi ilivyokataa kushika, jinsi alivyougeuza ulimi. Alimweleza akimtazama usoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikitupa mawe pembeni, wala hakumkatiza.

“Pole,” alisema. “Ni kazi ya kuchosha.” Kisha, baada ya kitambo, “Chumba changu hakina kabati. Nguo zangu bado ziko kwenye mabegi. Utaanza lini?”

Rula alifumba macho, akaegemeza kichwa kwenye kochi.

“Unataka la mti gani, Mama?”

“Wowote,” mama mkwe akajibu. “Ila usichonge maua.”